Kitabu cha wageni kikae kwa polisi au kwa raia? Mipango mitatu ikipimwa kutoka Kampala

Mgeni anayeishi kwa kibali hukutana na serikali kwenye meza nne. Ya kwanza hupokea fomu na karatasi zake. Ya pili huamua apewe au anyimwe. Ya tatu hutunza jina lake, picha na alama za vidole. Ya nne humfuata kazini au kumsimamisha barabarani kutaka kujua kama kibali bado ni hai. Kupokea, kuamua, kutunza, kukagua.

Mjadala wa kuutoa usajili wa ukaazi kwa polisi na kuukabidhi utawala wa kiraia huvurugika mapema kwa sababu watu husema "usajili" kana kwamba meza hizo ni moja. Anayetetea polisi ana meza ya nne kichwani. Anayewataka raia anaiwaza foleni ya meza ya kwanza. Hubishana mpaka jioni na kila mmoja ana haki upande wake.

Tunawaandikia wale ambao maoni yao huulizwa siku kanuni mpya zinapoandaliwa: viongozi wa jumuiya za Wakongo, Wasomali, Warundi na Watanzania mjini, wajumbe wa kamati za wakimbizi kule Nakivale au Kyaka II, mawakili, na maofisa wa wilaya ambao ndio watakaopewa funguo za ofisi na kuambiwa waanze Jumatatu. Msimamo wetu tuuseme sasa: meza tatu za kwanza ziende kwa raia, ya nne ibaki kwa wenye mamlaka ya kukamata, na hesabu ya wahudumu ifanywe kabla ya kuhamisha hata faili moja. Ila kuna mahali ambapo tungekubali polisi wapokee fomu, na sababu zake zimo humu.

Uganda imesimama wapi

Kwenye karatasi, Uganda ilishatoka kwa polisi. Sheria ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji ya 1999 iliweka bodi ya taifa ya uraia na uhamiaji, na kazi za kila siku hufanywa na Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji, DCIC, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, Jinja Road. Vibali vimepangwa kwa herufi. B ni kilimo, C ni madini, D ni biashara, E ni viwanda, F ni wataalamu wa fani zao, G ni wafanyakazi wa kuajiriwa. Pembeni zipo pasi maalumu ya muda mfupi, pasi ya mtegemezi, pasi ya mwanafunzi na cheti cha ukaazi. Maombi hupita mtandaoni.

Mkimbizi ana mlango mwingine. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa siku 30 tangu kuingia nchini apeleke ombi, na inataka ombi liamuliwe ndani ya siku 90. Mwenye mlango ni Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, kupitia kamishna wa wakimbizi. Halafu NIRA, mamlaka ya taifa ya vitambulisho na usajili iliyozaliwa na Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015, imepewa kitabu cha watu wote, raia na wageni wakaazi.

Polisi wametoka basi? Nusu nusu. Kwa miaka mingi mwomba hifadhi aliyeshuka kwenye basi Kampala alianzia kituo cha polisi cha Old Kampala, akaandikwa huko kabla ya kufika OPM. Cheti cha tabia njema hadi leo kinatoka ofisi ya Interpol, ambayo hapa ni kitengo cha polisi. Ukipoteza kibali unaanzia kaunta ya kituo. Na hata ofisi za kiraia zina harufu ya usalama: maofisa wa uhamiaji huvaa sare na sheria imewapa uwezo wa kukamata, na raia wenyewe walipoandikishwa kwa vitambulisho mwaka 2014, maofisa wa usalama wa ndani, kutoka muluka na gombolola hadi wilaya, walikuwa sehemu ya uhakiki. Anayesema "tupeleke kwa raia" aeleze raia yupi, maana kuvua sare peke yake hakubadilishi aliyekaa kwenye kiti.

Mpango wa kwanza: polisi wanashika yote

Sifa za polisi tuzitaje bila kuona haya. Kituo kiko kila mahali na hakifungwi saa kumi na moja jioni. Umeme ukikatika kitabu cha matukio, kile ambacho namba yake huanza na SD, kinaendelea kuandikwa kwa kalamu. Uhakiki wa rekodi ya jinai hauhitaji barua ya kuvuka kutoka wizara hadi wizara.

Na kuna sifa ambayo ripoti za Ulaya haziwezi kukuambia. Uganda, kaunta ya polisi ndipo mahali pa serikali ambapo Kiswahili hakishangazi mtu. Ni lugha ya kambini tangu enzi za ukoloni. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, lakini nenda ofisi ya kiraia Kampala: fomu ni ya Kiingereza, mazungumzo ya dirishani ni Kiganda. Mama wa Uvira au Bukavu anayemwambia afande shida yake kwa Kiswahili anaeleweka. Dirishani kwa raia anatafuta mkalimani, na mkalimani wa mlangoni ana bei. Kuhamisha usajili bila kuhamisha lugha ni kumnyang'anya mtu huyu kitu alichokuwa nacho.

Ubaya wake sasa. Kiswahili hichohicho ndicho kilichosema "panda gari" Kampala ya miaka ya 1980, na wenye umri wa kukumbuka hawahitaji kuelezwa. Hofu hiyo ina matokeo yanayohesabika. Mtu ambaye kibali chake kimeisha wiki mbili zilizopita haendi kuomba kipya mahali penye mahabusu nyuma ya ukuta. Anangoja, wiki mbili zinakuwa miezi minane, na kosa dogo la kulipia faini linakuwa kosa la kufukuzwa nchini. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, lakini aliyekwenda kwa miguu yake kuhuisha karatasi hakupaswa kuanza kuhesabu saa. Pale ambapo mpokeaji ndiye pia mkamataji, kitabu hukosa watu wale ambao serikali ingetaka zaidi kuwajua.

Ubaya wa pili ni wa kiofisi zaidi na husahauliwa: uhamisho. Askari aliyejifunza tofauti ya pasi ya mtegemezi na pasi ya mwanafunzi anahamishiwa Moroto, anayekuja anatoka trafiki. Usajili wa ukaazi ni kazi ya makarani wanaokaa.

Italia imebaki na polisi na imetafuta njia ya kupunguza foleni. Tangu Desemba 2006, kwa aina nyingi za vibali, mwombaji hachukui fomu kituoni. Anachukua bahasha yenye fomu posta, anaijaza, anairudisha posta, na risiti ya posta inakuwa ushahidi kwamba ombi liko njiani. Anatakiwa kufanya hivyo ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia. Uamuzi, alama za vidole na kadi yenyewe hubaki kwa polisi, kwenye ofisi ya Questura. Foleni ya kupeleka fomu ilipungua, ile ya vidole ikabaki. Hii ndiyo hali ya kawaida ya marekebisho ya mlango mmoja: msongamano haufi, unasogea chumba cha pili.

Estonia ilikwenda kinyume na wengine. Tarehe 1 Januari 2010 bodi yake ya kiraia ya uraia na uhamiaji iliunganishwa na polisi na walinzi wa mpaka, na hadi leo vibali vya ukaazi hutolewa na bodi hiyo ya polisi na mpaka. Nchi ile haijasifika kwa foleni. Tunaitaja kwa sababu wanaotetea utawala wa kiraia hupenda kuiruka. Ni nchi ndogo yenye kitambulisho cha kielektroniki kwa kila mtu; karatasi nyingi hazifiki mezani kabisa. Asiye na miundo hiyo asiinakili.

Mpango wa pili: raia wanashika yote isipokuwa ukaguzi

Nchi tatu zinatosha.

Ufini ilihamisha tarehe 1 Januari 2017. Kabla ya hapo kuongeza muda wa kibali, na usajili wa raia wa Umoja wa Ulaya, vilikuwa kazi ya polisi. Siku hiyo vikaenda kwa idara ya uhamiaji, Migri. Polisi walibaki na ukaguzi wa wageni na kuwaondoa nchini. Kilichowasaidia ni kwamba Migri haikuanza na chumba kitupu. Vibali vya kwanza ilikuwa ikiviamua tayari, mfumo wake wa kielektroniki ulikuwa unafanya kazi, na ombi la mtandaoni lilikuwa limezoeleka. Gharama ilikuwa umbali: vituo vya Migri vilikuwa vichache kuliko vya polisi, na aliyekaa mji mdogo alianza kusafiri.

Uturuki ilichukua njia ya hatua mbili. Sheria namba 6458 ya wageni na ulinzi wa kimataifa ilipitishwa Aprili 2013 na kuanza kutumika kikamilifu Aprili 2014, pamoja na kurugenzi mpya ya kiraia ya uhamiaji. Lakini mikoani madawati ya wageni ya polisi hayakufungwa siku hiyo. Yalikabidhi kazi Mei 2015. Mwaka huo wa katikati, ambao mwanasiasa asiye na subira angeuita uzembe, ndio uliokuwa wa kuajiri, kukodi majengo na kufundisha watu.

Ureno ndiyo ya kusoma kwa makini, maana sababu zake zilikuwa nzuri na utekelezaji ukaumiza. Idara ya wageni na mipaka, SEF, ilikuwa na kazi zote nne pamoja na uwezo wa kipolisi. Machi 2020 raia wa Ukraine, Ihor Homeniuk, alifia mikononi mwake uwanja wa ndege wa Lisbon, na mwaka uliofuata maofisa watatu walitiwa hatiani. Serikali iliamua kuivunja. Tarehe 29 Oktoba 2023 SEF ilikoma: mipaka na upelelezi vikaenda kwa vyombo vitatu vya polisi, pasipoti na kuhuisha vibali vikaelekezwa kwenye taasisi ya usajili wa kiraia, na vibali vingine vikaenda kwa wakala mpya, AIMA.

AIMA ilirithi mlima wa mafaili. Katikati ya 2024 serikali ilizungumzia zaidi ya 400,000 yanayosubiri. Ilibidi kuundwa kikosi maalumu, ambacho Septemba mwaka huo kilifungua kituo kikubwa katika jumba la jumuiya ya Wahindu mjini Lisbon ili kupokea watu kwa wingi. Wakati huo wote vibali vilivyokwisha muda viliongezwa uhai kwa amri, tena na tena, hata baada ya Juni 2025. Ndani ya Ureno amri ilitosha. Mwenye kadi iliyoandikwa tarehe iliyopita alipofika uwanja wa ndege wa nchi nyingine ya Ulaya, ofisa aliisoma kadi, hakuisoma amri.

Somo la Ureno halihusu sare. Walihamisha mlango, deni la kazi na wafanyakazi kwa siku moja, wakagawa kazi kwa vyombo vitano ambavyo kila kimoja kilingoja mwenzake.

Ipo njia iliyo nje ya mipango yetu mitatu, ya kufuta kabisa, nayo ilichaguliwa na Uingereza. Raia wa nchi fulani walitakiwa kujiandikisha polisi ndani ya siku 7 na kulipa pauni 34. London nzima ilihudumiwa na ofisi moja, na vyuo vilipofunguliwa wanafunzi walipanga foleni kabla ya kupambazuka. Tarehe 4 Agosti 2022 mpango ulifutwa, kwa kuwa taarifa zilezile zilikuwa tayari kwenye mfumo wa visa. Kabla ya kujadili nani ashike kitabu, uliza kama kitabu hicho hakijaandikwa kwingine. Kwa Uganda swali hili lina uzito: mtu yuleyule anaweza kuwa kwenye kanzidata ya visa, ya vibali, ya wakimbizi na kwenye daftari la mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

Mpango wa tatu: kugawana

Norwe polisi hupokea mtu, huchukua vidole na kuangalia pasipoti. Uamuzi ni wa UDI, idara ya kiraia. Maombi rahisi polisi wanaruhusiwa kuyakubali wenyewe.

Jamhuri ya Czech iligawa kwa namna nyingine. Ukaazi wa kudumu ulitoka kwa polisi wa wageni mwaka 2009, na wa muda mrefu tarehe 1 Januari 2011. Vyote viko wizarani. Polisi walibakiwa na kuripotiwa anwani, ambapo asiye raia wa Umoja wa Ulaya ana siku 3 za kazi tangu kufika. Matokeo yake mgeni ana ofisi mbili zenye majina yanayofanana, na anayekwenda isiyo yake hugundua siku ya nne. Hispania nayo: ofisi ya wageni huamua, polisi wa taifa huchukua vidole na kutoa kadi. Miadi ya vidole ikawa adimu hadi vishoka wakawa wanaidaka mtandaoni na kuiuza.

Kwa ufupi, mipango yote mitatu ikae mbele ya macho:

| Swali | Polisi yote | Raia yote ila ukaguzi | Kugawana |
|---|---|---|---|
| Nani anapokea fomu | Kaunta ya kituo | Dirisha la idara au mtandao | Polisi au idara |
| Nani anaamua | Ofisa wa polisi | Karani wa uhamiaji | Idara ya kiraia |
| Aliyechelewa anaogopa kuja? | Sana | Kidogo, kama polisi hawaketi mlangoni | Inategemea nani anapokea |
| Umbali kwa wa vijijini | Mfupi | Mrefu | Mfupi |
| Kinachoharibika kwanza | Watu hawaji | Mafaili yanarundikana | Miadi na faili hupotea kati ya ofisi mbili |
| Kiswahili dirishani Uganda | Kipo | Hakipo mpaka kipangwe | Kipo nusu |

Mstari wa tano ndio wa kukufanya uamue. Kila mpango una ugonjwa wake, na ugonjwa wa mafaili kurundikana hutibika kwa watu na fedha. Wa watu kutokuja hautibiki kwa bajeti.

Hesabu ya meza

Hapa ndipo mipango mizuri hufa, nayo ni hesabu ya darasa la sita. Tuchukue tarakimu za mfano: wilaya yenye wageni 12,000 wa kuhuisha vibali mara moja kwa mwaka, na kila mmoja dakika 20 mezani, kuanzia kuitwa jina hadi kukabidhiwa risiti. Karani mwenye saa 6 za kaunta anahudumia 18 kwa siku, 360 kwa mwezi wa siku 20 za kazi. Wageni 12,000 ni wastani wa 1,000 kwa mwezi. Meza tatu zinatosha?

Hazitoshi. Vibali haviishi kwa usawa. Mikataba mingi huanza mwanzo wa mwaka. Kama 4,000 kati yao vinaisha kati ya Januari na Machi, mzigo wa miezi hiyo ni 1,333 kwa mwezi, yaani meza nne. Ongeza mafaili 2,400 yaliyorithiwa kwa polisi na kutakiwa kumalizwa ndani ya miezi sita, 400 kwa mwezi, na sasa unahitaji meza tano. Karani mmoja akiugua malaria wiki moja, watu 90 wanarudi nyumbani bila huduma. Anayekuletea mpango wa meza tatu amegawanya kwa wastani, na hakuna mgeni anayekwenda ofisini kwa wastani.

Kuhamisha kitabu chenyewe

Daftari la kituo lina mstari mmoja kwa mtu: tarehe, jina, uraia, anwani, namba. Kuingiza mistari hiyo kwenye kompyuta kunaonekana kazi ya kuchapa. Si kweli.

Majina kwanza. Mohamed, Muhammad na Mohammed wenye namba moja ya pasipoti ni mtu mmoja aliyeandikwa na askari watatu. Mkongo ana jina, jina la pili na jina la ubatizo, na fomu ya Uganda ina nafasi mbili. Mwaka huu jina la pili limeingia kwenye ukoo, mwaka kesho limeachwa, na mfumo unamwona kama watu wawili. Kanuni iwe moja na ibandikwe ukutani: jina liandikwe kama lilivyo kwenye mistari ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine, na kwa asiye na pasipoti, kama lilivyo kwenye karatasi ya kwanza aliyopewa Uganda.

Tarehe za kuzaliwa. Utakuta wengi wamezaliwa tarehe 1 Januari. Ni alama ya karani aliyeambiwa mwaka tu akajaza siku na mwezi. Mfumo unaotafuta majina pacha kwa jina na tarehe utawaunganisha watu wasiojuana, kwa hiyo 1 Januari isihesabiwe kama ushahidi. Na 03/07 ni tarehe tatu Julai. Atakayetumia programu iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani ataisoma tarehe saba Machi na hatagundua mpaka mtu akataliwe.

Vidole. Fundi wa saruji na mama anayefua nguo za watu wana ncha zilizolika, kioo kinakataa. Kufuta kioo, kulainisha kidole kwa kitambaa chenye unyevu na kujaribu vidole vyote kumi kunaokoa wengi. Waliobaki wapigwe picha ya mboni ya jicho. Uhakiki wa wakimbizi wa 2018 ulitumia vyote viwili, vidole na macho, chini ya OPM na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Ulipokwisha, vitabu vilivyosema watu milioni 1.4 vilibaki na takribani milioni 1.1. Vitabu hivyo vilikuwa vya ofisi ya kiraia. Tunalisema hili kwa anayeamini kwamba kuondoa polisi kunaondoa majina hewa.

Utaratibu tunaouona salama: daftari la polisi lifungwe kwa tarehe iliyotangazwa, mstari wa mwisho upigwe na kusainiwa na pande mbili, kila ukurasa upigwe picha kabla ya kuchapwa, makarani wawili wachape mstari uleule kila mmoja peke yake, na mfumo uonyeshe walipotofautiana, kisha wageni wapewe siku 60 za kuja kusahihisha bila faini. Ofisi mbili ziendelee sambamba miezi mitatu. Polisi wapokee tu waliokwisha kuanza kwao, raia wapokee wapya. Aliye katikati asiambiwe arudi mwanzo.

Risiti ya kusubiri iwe na mambo manne kwa herufi kubwa: jina, namba ya ombi, kibali cha zamani, na siku ambayo mwenyewe hatakiwi kukamatwa kabla yake. Nakala ya mfano ifike vituo vyote vya polisi na mipakani, Mutukula, Busia, Malaba, Katuna, Mpondwe, Bunagana, wiki mbili kabla. Askari wa kizuizi cha usiku akiona karatasi asiyoijua hufanya alichofundishwa, hushika. Na kwa anayesafiri nje, risiti haitoshi, kama Wareno walivyojifunza. Apewe pasi ya muda inayotambulika.

Meza ya nne iunganishwe na hizo nyingine kwa waya mwembamba. Polisi akiandika namba ya kibali, mfumo umjibu moja kati ya matatu: hai, kimeisha, hakijulikani. Anwani, jina la mwajiri na historia ya ombi la hifadhi visionekane bila maombi ya maandishi, na kila aliyefungua faili aache jina lake na saa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya 2019 inatosha kuwa msingi wa hili.

Nani achague nini

Kampala, Wakiso, Mbarara na miji mingine yenye wageni wengi: raia, bila kusita, mradi hesabu ya meza imefanywa na angalau dirisha moja kati ya matano linahudumia kwa Kiswahili kwa maandishi na kwa mdomo. Fomu ya Kiswahili ichapishwe kabla ya siku ya kwanza. Ikiahidiwa "awamu ya pili" haitakuja.

Makazi ya wakimbizi: tayari ni OPM. Polisi wasirudishwe kwa kisingizio cha idadi.

Wilaya zenye wageni wachache na barabara ndefu, Karamoja kwa mfano, zifuate Norwe. Kumtoa mwalimu Mkenya Kotido mpaka Kampala kwa ajili ya vidole ni kumpotezea siku tatu. Kituo kipokee fomu, kipige vidole, kisiamue, na kisiruhusiwe kumshika aliyekuja kwa hiari kuhuisha, jambo ambalo liandikwe kwenye kanuni na lisiachiwe wema wa OC, mkuu wa kituo.

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wasichanganywe na wengine. Huingia kwa pasi ya mgeni ya hadi miezi 6, na anayepata mkataba wa zaidi ya siku 90 anatakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kusaini, ofisi nayo ikiwa na siku 30 za kujibu. Dirisha lao liwe tofauti, maana karatasi zao ni chache. Ukiwaweka foleni moja na mwekezaji wa daraja D mwenye bahasha ya nyaraka za kampuni na za kodi, wote wawili wanachelewa.

Linabaki suala la kibali kilichopotea, ambalo mpango wowote utakaochaguliwa litarudi kaunta ya polisi. Litengenezewe fomu fupi ya ukurasa mmoja: namba ya SD, namba ya kibali kama mwenyewe anaikumbuka, mahali kilipopotea, na saini ya aliyeandika pamoja na jina lake kwa herufi zinazosomeka. Dirisha la raia likubali fomu hiyo ndani ya siku 30 kutoka kituo chochote nchini. Kumrudisha mtu kituo cha mahali kibali kilipopotea, kwa mfano Arua wakati anaishi Nsambya, ndiko kunakowalisha vishoka.